Kuna Tembo Njia ya Mabwawa

Raihana alikuwa na ulimi, na hilo halikuwa siri kwa mtu. Ukimkosea dogo alikujibu dogo, ukimkosea kubwa alikutafutia neno la kulala nalo. Asubuhi hiyo, mbele ya banda la baiskeli langoni mwa msitu wa Arabuko, mkononi ana kitambaa cha kufutia viti, alimtazama mume wake wa ndoa akamwambia, "Nenda. Na huko uendako usirudi."

Mahadhi alikuwa amechutama anatia upepo gurudumu la nyuma la baiskeli yake mwenyewe, ile nyeusi ya zamani yenye keria pana, na juu ya keria begi lake la nguo limeshafungwa kwa mpira. Alitia upepo, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akatia tena. Lilikuwa limejaa zamani, lakini mtu akiambiwa neno kama lile lazima mikono yake itafute kazi.

Usimwone Raihana mkorofi. Wewe nawe ungesema. Walioana Faza, na harusi haijapoa Mahadhi akasema Lamu mjini ndiko kwenye riziki. Wakahamia Lamu. Lamu akasema ni ndogo, wende Malindi. Malindi hawajajua hata jirani wa ukuta wa pili anaitwaje, akasikia kwamba huku Gede kuna kikundi kinachopeleka wageni msituni kwa miguu na kwa baiskeli, nacho kinatafuta fundi. Vyombo vikafungwa tena. Sufuria za Raihana zilikuwa zimepanda lori mara nyingi kuliko yeye.

Gede angalau alianza kupumua. Kikundi kikampa kazi ya kupokea simu na kupanga wageni, akaonekana ana mpango kuliko wanaume wote wa pale. Binti yao Khamisa akapata shule, akapata chuo cha Kurani, akapata na rafiki wa kugombana naye na kupatana. Ndipo Mahadhi akaja na habari ya Bofa. Ati hoteli moja huko Kilifi inataka mtu wa kutazama baiskeli ambazo wageni hupanda ufuoni. Ati atatangulia, wao watafuata. Raihana akamuuliza, watafuata mpaka wapi? Bofa ikimchosha je, itakuwa Mombasa, itakuwa Tanga? Mahadhi akasema hajui, ila akikaa mahali pamoja miguu humwasha. Alisema kweli, maskini. Lakini kweli nyingine afadhali mtu akae nayo.

Basi ilikuwa imepangwa hivi. Kulikuwa na wageni kutoka Nairobi walioweka nafasi ya kupanda baiskeli msituni. Menza angetangulia kama kiongozi wa njia, na Mahadhi angefuata nyuma kabisa, apate kuziba pancha na kumsubiri atakayechoka. Hiyo ndiyo ingekuwa kazi yake ya mwisho pale. Wakirudi adhuhuri angeshuka kwenye baiskeli ya kikundi, apande ile yake nyeusi yenye begi, ashike barabara ya Kilifi.

Raihana alikuwa bado amesimama na kitambaa chake, neno limeshamtoka na halirudishiki, wakati simu ya kikundi ilipolia. Alikuwa Gitau, askari wa doria, aliyekuwa ndani ya msitu tangu alfajiri.

Gitau ni mtu wa Nyeri, mtu mzuri sana, mchapa kazi. Ila Kiswahili chake kilikuwa hakina dogo wala kubwa, hakina mtu wala kitu. Kwake yeye kila kitu "iko" na kila kitu "mingi". Watoto iko, mvua iko, nyani iko mingi. Raihana alikuwa hachoki kumtania, na Gitau alikuwa hachoki kutaniwa.

"Raihana," Gitau akasema, sauti inakatikakatika. "Ambia Menza asipitishe watu hii njia ya mabwawa. Iko tembo mingi sana huku."

"Iko tembo mingi," Raihana akamwigiza, kwa hasira alizokuwa nazo na mtu mwingine. "Sema kuna tembo jingi, Gitau. Jingi. Utajifunza lini?"

"Mingi sana," Gitau akakazania, na mtandao ukakatika.

Sasa hapa ndipo pana jambo. Kwa Gitau na watu wa bara wote, na kwa vitabu vya shule pia, tembo ni yule mnyama mwenye mkonga. Kwao Raihana mnyama huyo huitwa ndovu, na tembo ni kinywaji kinachogemwa mnazini, kile ambacho kikilala siku moja humlaza mtu siku mbili. Si kwamba Raihana hakuijua ile maana ya shuleni. Aliijua. Lakini juma lililopita walevi waliotoka kunywa kwa Mama Kadii, nje ya ua wa msitu, walikuwa wameingia na vibuyu vyao wakamkaba mgeni mmoja wakitaka awapige picha, na kesi hiyo ilikuwa haijaisha masikioni mwake. Angalau Gitau angesema "wengi", Raihana angeshtuka. Gitau alisema "mingi", na yeye mwenyewe kwa mdomo wake akaisahihisha ikawa "jingi".

Menza alikuwa anawafunga wageni zile kofia ngumu nyekundu. Ni Mgiriama wa hapo hapo, aliyezaliwa mahali unapoweza kusikia msitu ukipumua, na njia zote za mle ndani alizijua kabla hazijawekewa vibao.

"Menza," Raihana akamwita. "Gitau anasema Njia ya Mabwawa leo kuna tembo. Naona wale walevi wa kwa Mama Kadii wamehamia huko. Asema usipitishe wageni."

Menza akacheka. "Tembo limemzuia nani njia, dada? Nitapita huko huko, niwasalimie wajomba."

"Shauri yako."

Wakajipanga. Menza mbele, wageni katikati wakijipiga picha na vibao vya njia, Mahadhi nyuma na mfuko wa spana mgongoni. Alipofika usawa wa banda alikanyaga mguu chini, akasema kama alivyokuwa akisema kila siku ya ndoa yao, hata akienda dukani tu, "Kwaheri ya kuonana."

Na kila siku Raihana alikuwa akijibu, "Inshallah." Wala hakuwa akifikiri, lilikuwa linatoka lenyewe, kama mtu anavyomjibu anayebisha hodi. Leo alimgeuzia mgongo akaanza kufuta kiti kilichokwisha kufutwa. Alisikia cheni ikishika, alisikia mchanga ukisagika chini ya matairi, na alipogeuka njia ilikuwa tupu.

Hapo ndipo alipoanza kutokukalika. Alifagia banda. Akafagia na mbele ya banda. Akamimina chai, akaiweka, akasahau ameiweka wapi. Kila alichoshika kilikuwa na lile neno ndani yake. Usirudi. Kwao Faza mamake alikuwa mkali sana juu ya jambo hili. Mtu akiwa mlangoni anatoka, ugomvi wote unasimama, hata kama ni ugomvi wa talaka, anaagwa vizuri kwanza kisha watu wanaendelea atakaporudi. Mamake alisema mtu akiwa njiani hana kingine mkononi ila ile kwaheri aliyopewa. Na yeye Raihana kamwacha mumewe aende mikono mitupu.

Alijiambia, nitamjibu akirudi. Kisha akakumbuka kwamba akirudi ni kubadili baiskeli na kwenda zake. Akajiambia, na aende, mwanamume gani huyu. Kisha akatoka kutazama njia.

Njia ilikuwa tupu vile vile. Kando yake, kwenye dirisha la tikiti, Cherop alikuwa anazungumza na dereva wa gari moja la watalii. Cherop ni wa Kericho, msichana mpole, Kiswahili chake cha shule, kimenyooka kama rula.

"Ukizunguka kule nyuma nenda polepole," Cherop alikuwa anamwambia dereva. "Tembo wako mabwawani leo. Gitau amewaona. Wako na mtoto mdogo, kwa hivyo ni wakali."

Raihana alisikia. Alisikia "wako". Alisikia "mtoto". Kitambaa kikamtoka mkononi. Pombe haina mtoto.

Alifika dirishani hajijui alivyofika. "Cherop. Tembo gani?"

"Tembo. Wa msitu." Cherop akamshangaa. "Si Gitau alikupigia?"

"Alinipigia."

"Na ulimwambia Menza?"

"Nilimwambia."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia Njia ya Mabwawa kuna tembo," Raihana akasema, na ndivyo hasa alivyosema, neno kwa neno, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu.

"Basi si ulisema," Cherop akamtuliza. "Menza si mtoto. Hawezi kuwapitisha huko."

"Menza ni Mgiriama, Cherop. Mimi ni mtu wa Faza. Mimi na yeye tukiambiana tembo, twaambiana pombe."

Cherop akashika simu. Ya Menza haikupatikana. Ya Mahadhi haikupatikana. Ya Gitau haikupatikana pia, maana ndani kule mtandao ni bahati nasibu. Gari la doria lilikuwa upande wa pili wa msitu. Cherop aliwapata kwa redio, wakasema wanakuja, na wote wawili wakajua maana ya wanakuja.

Raihana akarudi bandani. Baiskeli zote za kikundi zilikuwa zimetoka. Iliyobaki ilikuwa moja, nyeusi, imeegemea nguzo, begi limefungwa nyuma tayari kwa safari. Aliivuta, akakusanya buibui lake akalifunga kiunoni juu ya suruali, akapanda.

"Usiingie peke yako," Cherop akaita kutoka dirishani. "Raihana, wangojee askari."

Lakini huyu ni mtu aliyeshindwa kungojea chai ipoe.

Mwanzo wa njia ni mchanga mweupe, na mchanga mweupe hauna huruma na mtu wa baiskeli. Gurudumu lilikuwa linazama, begi linamvuta nyuma, na Raihana anakanyaga akiwa wima, pumzi inamkata. Kima walikuwa wanaruka huko juu kwenye miti ya mirihi, hawana habari naye. Mbele yake alama za matairi ya wenzake zilikuwa zimejipinda pamoja njia nzima, na alijikuta anaitafuta ile ya mwisho, ile iliyopita juu ya nyingine zote, kwa kuwa ndiyo ya Mahadhi. Akiipoteza moyo unamruka. Akiiona anakanyaga tena.

Alimkasirikia kila mtu. Alimkasirikia Gitau na "iko" yake, kisha akakumbuka kwamba Gitau alionya na yeye ndiye aliyesahihisha. Alimkasirikia Menza na wajomba zake. Alimkasirikia Mahadhi, ambaye angekuwa mtu wa kukaa kama watu wengine, saa hii angekuwa Faza ameketi barazani. Na akamwomba Mungu, kwa sauti, katikati ya msitu, neno lile lisimfikie. Alimwambia Mungu kwamba hakulisema kwa moyo. Alimwambia alichotaka ni mtu akae, si mtu afe.

Mchanga ukageuka kutoka mweupe ukawa mwekundu, miti ikawa mifupi na ya kusongamana, njia ikawa kama ushoroba. Hapo akaanza kuona matawi yaliyovunjwa, maganda yamechunwa, na katikati ya njia mavi ya ndovu, mabichi, nzi wameanza tu kuyagundua. Akashuka. Akasukuma baiskeli kwa mkono ili cheni isilie.

Alifika njia panda, penye ubao uliopakwa rangi. Kushoto ni mabwawani. Kulia ni njia inayokwenda kutokea kwenye geti dogo la ua, karibu na minazi ya Mama Kadii. Akainama kutazama alama za matairi zimeelekea wapi, na alama hazikuwepo. Juu yake palikuwa na nyayo, kila moja pana kama sinia ya pilau, zimekanyaga na kukanyaga mpaka ardhi yote ya pale ikawa laini. Ndovu walikuwa wamepita baada ya baiskeli. Walikuwa nyuma ya watu wake.

Menza alisema nitapita huko huko. Ndilo alilosema. Raihana akashika kushoto.

Aliwasikia kabla ya kuwaona. Hawakupiga kelele, kulikuwa na mlio wa maji, na mngurumo mdogo uliomwingia kwa miguu kabla ya masikio. Kichaka kilipofunguka akasimama. Bwawa lilikuwa lile pale, na ndovu walikuwa majini na ukingoni, majike wazima, wekundu kwa matope, na kati ya miguu yao mtoto anayecheza na mkonga wake mwenyewe. Pembeni mwa maji palikuwa na kitu chekundu kimelala matopeni.

Kofia za wageni zilikuwa nyekundu. Raihana alikitazama kile kitu mpaka macho yakamtoka machozi. Alikitafutia baiskeli kando yake, akakitafutia mkono. Kisha ndovu mmoja akakisukuma kwa mguu, kikapinduka, kikawa nusu ya ndoo ya plastiki. Hapakuwa na baiskeli. Hapakuwa na mtu. Hakujua afurahi au aogope zaidi, maana kama hawako hapa, wako wapi?

Na hapo, kwa kuwa pale ukingoni mwa bwawa miti ni michache na mbingu iko wazi, mtandao ukafika. Simu ya kikundi, iliyokuwa mfukoni mwake na ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameamrisha iwekwe sauti ya juu kabisa ili mgeni asikosekane, ikalia ujumbe.

Jike lililokuwa karibu likageuka. Masikio yakafunguka. Raihana aliiminya simu kifuani kwa mikono miwili kana kwamba inaweza kusema tena, na alipoitazama kuizima akaona maneno. Yalikuwa ya Mahadhi.

"Tuko kwa Mama Kadii, sote wazima. Menza kaleta wageni kunywa tembo. Nitachelewa kidogo."

Nakwambia, katika hali zote alizowahi kusimama Raihana, hakuna iliyofanana na ile. Kicheko cha furaha kilimpanda, akakizuia kwa kiganja. Na papo hapo hasira, kwamba yeye yuko hapa mbele ya ndovu mwenye mtoto, na bwana yuko chini ya minazi anachelewa kidogo.

Ndovu akaja hatua chache, akatikisa kichwa, vumbi likamruka masikioni. Akanyoosha mkonga hewani, anatafuta. Raihana alikumbuka wanayoambiwa wageni kila asubuhi, maana ni yeye anayewaambia: usikimbie, usigeuze mgongo, rudi nyuma taratibu, weka kitu kati yako na yeye. Kitu alichokuwa nacho kilikuwa baiskeli. Aliilaza juu ya kichaka kwa upole, kama anayelaza mtoto, akarudi nyuma hatua, na hatua, na mti, na mti mwingine.

Ndovu alifika kwenye baiskeli akasimama. Aliunusa usukani. Alilinusa begi, na kwenye begi akakawia. Hapo Raihana akakumbuka ndizi. Alikuwa amezitia yeye mwenyewe kabla ya alfajiri, kabla ya ugomvi, chana nzima imefungwa ndani ya kikoi, kwa kuwa hata ukiwa na hasira na mume hatoki nyumbani kwako bila cha njiani. Mpira ulikatika kama uzi. Begi likapanda juu, likatikiswa, na nguo za Mahadhi zikatawanyika msituni, mashati huku, suruali kule, kikoi kikaning'inia juu ya mti wa miiba. Guu likakanyaga gurudumu la nyuma, lile lililotiwa upepo likajaa, likapasuka kwa mlio mmoja, na ndovu mwenyewe akashtuka. Kisha akarudia ndizi. Raihana hakungoja kuona amemaliza.

Alipofika njia panda ndipo alipokimbia. Alishika ile ya kulia, kiatu kimoja hana, mtandio umebaki kwenye mti, anakimbia na kulia na kujifuta kwa mkono, mpaka ua ukaonekana, na geti dogo, na nyuma yake minazi.

Kwa Mama Kadii kulikuwa shwari kabisa. Baiskeli zimelala majanini. Wageni wa Nairobi wameketi kwenye mabenchi, kofia nyekundu bado vichwani, kila mmoja ana kibuyu na mrija, nyuso zinang'aa. Menza alikuwa katikati yao anaeleza namna mgema anavyopanda. Mahadhi alikuwa amekaa peke yake mwisho wa benchi na chupa ya soda, maana yeye hanywi, anatazama barabara ya Kilifi inayopita kwa mbali.

Menza ndiye aliyemwona kwanza. "Dada, hata wewe umelifuata?"

"Nyamaza, Menza," Raihana akasema. Pumzi haikuwa yake. "Kuna ndovu mabwawani. Ndovu, Menza. Ndilo neno la Gitau. Ndovu na mtoto wake, wamepita njia panda nyuma yenu."

Menza akaweka kibuyu chini. Rangi ya tembo ikamtoka usoni. Akaeleza kwa sauti ndogo kwamba alikuwa apite mabwawani kweli, lakini njiani akawaza, kama tembo limetoka kwa Mama Kadii likaenda msituni, kwa nini asiwapeleke wageni linakotoka, wakae kitako kwa heshima? Akawauliza wageni pale njia panda kama wangependa kuona tembo. Wakapiga makofi. Walikuwa wametayarisha simu zao, wamenyamaza kimya njia nzima kama alivyowafundisha, mpaka walipofika wakaona Mama Kadii na jagi.

"Tulidhani ni wale wa mkonga," mgeni mmoja akasema. "Lakini hata hawa si wabaya."

Wakacheka wote. Raihana hakucheka. Mahadhi alikuwa ameshasimama. Alimtazama mkewe kutoka kichwani pasipo mtandio mpaka mguuni pasipo kiatu.

"Uliingia peke yako," akasema.

"Niliingia."

"Kwa baiskeli gani?"

"Yako."

"Iko wapi?"

"Ndovu kaikanyaga. Na begi kalipasua. Mashati yako ameyatandika msitu mzima." Akajikaza aseme kwa ukali, na haikuwezekana. "Nilidhani umekufa, Mahadhi. Nilidhani umekufa na mimi nimekwambia usirudi."

Watu wakatazama vibuyu vyao. Mahadhi alimshika mkono akamketisha kwenye benchi, naye akakaa, si karibu sana, maana walikuwa mbele za watu. Gari lilipita kule barabarani, likaelekea Kilifi, na Raihana akaona macho ya mumewe yanalisindikiza mpaka likapotea. Hata sasa. Hata baada ya yote haya. Akajua hapo kwamba mtu huyu hatakaa, si kwa ukali wake wala kwa machozi yake, na kwamba alikuwa amekimbia msitu mzima kumfuata mtu wa namna hii hii, si mwingine.

"Asubuhi uliniaga," akasema.

"Nilikuaga."

"Ulisemaje?"

Mahadhi akamtazama, hajui anakopelekwa. "Kwaheri ya kuonana."

"Inshallah," Raihana akajibu.

Akajifuta uso kwa ncha ya buibui. Kisha akasema tena, kwa sauti ya chini, polepole, kama mtu anayechagua kila neno kabla ya kulitoa. "Baiskeli utapata nyingine. Bofa ukitaka kwenda, nenda. Lakini urudi."

Mahadhi aliinuka, akamwomba Mama Kadii maji kwenye kata, akarudi, akachutama mbele ya mkewe, akaanza kuuosha ule mguu usio na kiatu.